Mkunga wa zahanati ya kijijini kwetu, Lindi: si wa wajawazito tu

Nauza samaki wa kukaanga pale Mnazi Mmoja, njia panda ya kwenda Mtwara na Masasi. Nikitaja zahanati, wanawake wenzangu hunijibu lile lile: "Sina mimba, kwa mkunga naenda kufanya nini?" Basi wasome hapa.

Nilikwenda kutolewa kijiti cha uzazi wa mpango kilichoisha muda. Kabla ya kugusa mkono wangu, mkunga alinipima presha, akauliza hedhi inakwendaje na kama nimewahi kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. Sijawahi. "Mama, miaka 30 umeshavuka. Tupime leo leo, hulipi kitu." Akanionesha kifaa chenyewe, akanieleza kwamba atapaka siki kwenye shingo ya kizazi kwa pamba na kungoja kama dakika moja, pakigeuka peupe, pana jambo la kufuatilia, na likiwahiwa linatibika kabla halijawa saratani. Kila hatua aliitaja kabla hajaifanya: "Sasa utasikia ubaridi, mama. Vuta pumzi." Majibu nikapewa pale pale, nashukuru yalikuwa mazuri. Kijiti akakitoa kwa ganzi, nikachagua kitanzi badala yake, naye hakunificha kwamba miezi ya mwanzo damu inaweza kuongezeka.

Katika kituo kimoja nilichojifungulia zamani, swali moja tu lilitosha kufokewa. Ndiyo maana utulivu wa huyu dada nauona mkubwa.

Baadaye nikampeleka mdogo wangu, mimba imekua, kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Sisi nyumbani tulisema ni joto. Mkunga alipima presha, akaikuta juu, akapima mkojo, akakuta protini, na hizo ni dalili za hatari. Hakubahatisha wala hakutuambia turudi kesho: akamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, akapiga 115 kuomba gari la dharura, na mgonjwa akafikishwa Hospitali ya Sokoine. Mama mzima, mtoto mzima. Bibi zetu waliotuzalisha nawaheshimu sana, lakini presha ya namna ile haionekani kwa macho, na huyu amesomea, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Kasoro zipo. Yuko peke yake: wajawazito, chanjo za watoto, uzazi wa mpango, na leba ikiingia wote tunasubiri, tena benchi liko juani. Pazia la chumba ni jepesi, maneno yanasikika nje. Mambo ya ndoa ya mtu hayafai kusikiwa na foleni nzima. Halmashauri ituongezee mkunga wa pili na mlango. Hilo nalisema kwa uchungu.

Mkienda, chagueni mchana, siku isiyo ya kliniki ya watoto. Vaeni kanga au gauni pana. Anayetaka kipimo cha siki asiende akiwa kwenye siku zake, atarudishwa.