Boila ya gesi au pampu ya joto: ufungiwe ipi nyumbani?

Boila ya gesi, yaani mtambo unaochoma gesi kupasha maji yanayoipa nyumba joto, hufungwa haraka. Kama mabomba yapo tayari, fundi mzoefu huimaliza kwa siku moja au mbili. Lakini hapa usimkubali fundi wa kubahatisha: bomba la moshi likikaa vibaya, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, huingia ndani, nayo haina rangi wala harufu. Dai kila kiungo kipimwe uvujaji mbele ya macho yako.

Pampu ya joto inataka subira. Haichomi kitu, huvuta joto lililomo kwenye hewa ya nje, hata ya baridi, na kwa uniti 1 ya umeme hutoa takriban uniti 3 za joto. Maji inayoyapasha kwa kawaida huwa ya nyuzi 35 hadi 55, ilhali ya boila hufika 70, kwa hiyo rejeta ndogo za zamani, yaani vyuma vinavyopitisha maji hayo ili kupasha chumba joto, huenda zisitoshe. Fundi anayeijua kazi hupita chumba kwa chumba, futi mkononi, akipima madirisha, kuta na dari kabla hajataja ukubwa wa mashine. Anayekadiria kwa jicho tu, mwache aende zake. Gharama ya kuanzia ni kubwa zaidi, ila kwa nyumba iliyozibwa vizuri isipoteze joto, mimi ningechagua pampu bila kusita.