Tuisheni ya aljebra Mkomani: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Nilijiandikisha katika tuisheni hii nikiwa mtahiniwa wa kibinafsi wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya), mtu mzima aliyeacha shule akiwa Kidato cha Pili, na nilitaka jambo moja tu: kuielewa milinganyo ya mistari minyoofu, ambayo niliisoma zamani bila kuishika, pamoja na mifuatano ya nambari, ambayo hufundishwa Kidato cha Tatu na kwa hiyo sikuwahi kuifikia darasani. Vipindi hufanyika Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya Alasiri, katika sebule ya ghorofani ya nyumba moja ya mawe mtaani Mkomani, hapa Lamu. Kipindi cha saa mbili hulipiwa shilingi 200.

Siku ya kwanza mwalimu hakufungua kitabu. Alitupa futi kamba akatutuma ngazini tukapime, nasi tukakuta kila kipandio kimeinuka sentimita 20 na kina chake ni sentimita 25; tukagawanya kiinuko kwa kina, tukapata 0.8. Akatueleza kwamba huo ndio mteremko, na kwamba haubadiliki, upime kipandio kimoja au kumi. Kabla ya hapo, nilipotafuta mteremko kati ya nukta mbili, nilikuwa nikiweka tofauti ya x juu na ya y chini kila mara. Sijarudia kosa hilo tangu siku ile.

Kosa langu jingine lilikuwa la alama za kutoa. Tulipewa nukta (−2, 9) na (4, −3), nami nikaandika kwamba tofauti ya x ni 2, nikapata mteremko wa −6. Mwalimu hakunipa jibu. Aliniambia niweke kidole kwenye −2 nihesabu hatua hadi 4. Zilikuwa 6. Basi mteremko ukawa −12 kwa 6, yaani −2, na mlinganyo ukatoka y = −2x + 5, nikaurudisha kwenye nukta zote mbili, zikakubali.

Lakini thamani ya tuisheni hii, kwa maoni yangu, iko katika kipindi cha wiki ya sita. Mwalimu alituambia tumfikirie bibi anayesuka ukili: ana pima 2 zilizobaki za zamani, na kila siku anaongeza pima 3, hivyo jioni ya siku ya kwanza ana 5, ya pili 8, ya tatu 11. Tulipotafuta kanuni tulipata 3n + 2, ambapo n ni nambari ya siku. Kisha akatuagiza tuzichore nukta hizo kwenye karatasi ya grafu, na zote zikajipanga katika mstari mmoja, y = 3x + 2. Ile 3 inayoongezeka kila siku ndiyo mteremko. Ile 2 iliyokuwako kabla ya kuanza ndipo mstari unapokata mhimili wa y. Mwaka jana nililipa mahali pengine ambapo tulikaririshwa fomula za mada hizi mbili kana kwamba hazijuani, na nasikitika kwamba hakuna aliyenionyesha mapema kuwa ni jambo moja.

Upungufu upo. Ubao ni mdogo na wanafunzi ni wengi, kwa hiyo anayechelewa hukaa nyuma asione vizuri. Mfuatano kama 2, 5, 10, 17, ambao tofauti zake ni 3, 5, 7 na kwa hiyo si wa mstari mnyoofu, ulipitiwa kwa dakika kumi tu mwishoni mwa kipindi. Kanuni yake, n² + 1 (hapa n ni nafasi ya nambari katika mfuatano), niliitafuta mwenyewe nyumbani kwa kulinganisha kila nambari na 1, 4, 9, 16. Nilipomweleza mwalimu, aliahidi kuirudia mada hiyo kwa utulivu, na kwa ajili hiyo nimelipia miezi mitatu mingine.