Diski za RW za Kuhifadhia Nakala za Mafaili: Ipi Ununue Ukiwa Arusha au Moshi

Malalamiko ninayoletewa na makatibu wa SACCOS, wahasibu wa shule na wenye stesheneri yanafanana mno: diski ya RW, yaani inayofutika na kuandikwa upya, ilichomwa ofisini Moshi bila hitilafu yoyote, ikafunguka vizuri kwenye kompyuta ileile, lakini ilipofikishwa Arusha kompyuta nyingine ikadai kwamba haina kitu. Mwongozo huu unahusu tatizo hilo. Habari za ujazo, MB 700 kwa CD na GB 4.7 kwa DVD, zimeandikwa kwenye kasha, kila mtu atajisomea.

Jambo ambalo halijaandikwa kwenye kasha ni kiasi cha mwanga ambacho diski hurudisha. CD ya kawaida inayotoka kiwandani hurudisha angalau asilimia 70 ya mwanga wa leza, ilhali CD-RW hurudisha takriban asilimia 15 hadi 25 tu, kwa sababu data zake huandikwa kwenye tabaka la metali ambalo kwa joto la leza hugeuka kuwa fuwele au huacha kuwa fuwele. Draivu yenye lenzi safi humudu mwanga huo hafifu. Draivu iliyokula vumbi la kiangazi hushindwa, na badala ya kukiri kwamba imeshindwa kusoma, mara nyingi huonyesha kwamba diski ni tupu. Mtumiaji akiamini ujumbe huo na kuikubalia kompyuta iifomati diski, hapo ndipo mafaili yanapopotea kweli.

Kwa kipimo hicho, na bila kuficha upendeleo wangu, nafasi ya kwanza naipa DVD+RW ya Verbatim ya kasi ya 4x. DVD ya kiwandani yenye matabaka mawili nayo hurudisha mwanga kidogo, hivyo draivu za DVD ziliundwa kuukabili mwanga wa namna hiyo. Kuhusu jina, kampuni nyingi hununua diski kwa kiwanda chochote na kubandika nembo yao, kwa hiyo kasha lilelile laweza kubeba diski tofauti mwaka unaofuata. Najua kwamba Verbatim nayo iliuzwa kwa CMC Magnetics ya Taiwan mwaka 2019, na wapo walionung'unika. Mimi bado naichagua.

DVD-RAM, aina nyingine ya DVD inayofutika, ingeshika nafasi ya kwanza kama diski zote zingebaki ofisini. Hufutwa na kuandikwa hadi mara 100,000, wakati RW nyingine hukadiriwa mara 1,000, na draivu yenyewe huhamisha data kutoka sehemu zilizoharibika. Hata hivyo draivu nyingi haziisomi kabisa, kwa hiyo usiitumie kumpelekea mtu mwingine mafaili.

CD-RW ni ya tatu, tena uangalie kasi: iliyoandikwa Ultra Speed haichomeki kwenye draivu ya zamani, hata kama draivu hiyo huchoma CD-RW za kawaida. Zile za rundo zisizo na jina, ziache.

Kuhusu wauzaji, sina budi kusema. Katika baadhi ya maduka ya Barabara ya Sokoine, diski hupangwa dirishani juani, hushikwa kwa vidole upande wa kusomea, na CD-R ya kuchomwa mara moja huuzwa kwa bei ya RW kwa maelezo kwamba "zote zinachomeka". Ukirudi kesho yake unaonyeshwa kibao cha "Mali ikiuzwa hairudishwi". Kabla ya kulipa, omba diski moja ichomwe papo hapo, ikaguliwe na programu ya kuchomea, kisha isomwe kwenye laptopu yako. Muuzaji ambaye kompyuta yake hupiga muziki kutwa nzima, kisha akadai hana muda wa jaribio hilo, asilipwe bei ya Verbatim.