Konveya ya rola zinazoendeshwa kwa mkanda: uzoefu wangu katika godauni la Changamwe

Sikutaka kuandika lolote kuhusu konveya hii kabla haijapitiwa na kusi na kaskazi. Mashine yoyote mpya hung'aa ikitoka kwenye kreti. Huku Changamwe, karibu na bandari ya Mombasa, hewa ina chumvi na unyevu, na chuma kisichotunzwa huliwa mchana na usiku. Misimu imeshazunguka, konveya bado inafanya kazi, na ninaweza kusema bila kusita kwamba kwa godauni la katoni ni mashine nzuri. Ila uzuri huo haikuja nao kutoka kiwandani. Umetokana na jinsi ilivyofungwa na jinsi tunavyoilinda mikono ya watu wanaofanya kazi kando yake.

Sisi hupokea makontena ya sabuni, biskuti na chai ya pakiti, kisha tunayagawa kwenye malori yanayoelekea Ukunda, Malindi na Voi. Zamani mahamali walipokezana katoni mkono kwa mkono kutoka mlangoni hadi ndani, na kufikia alasiri kila mmoja alikuwa ameshika kiuno. Siku hizi katoni inashuka kutoka kwenye kontena, inawekwa kwenye laini yenye urefu wa mita 18, na inafika yenyewe kwenye meza ya lebo.

Kwa asiyeijua: juu kuna rola za chuma zinazobeba katoni. Chini yake umepita mkanda mwembamba ulio bapa, unaovutwa na mota moja. Rola ndogo zilizo chini ya mkanda huo huubana juu hadi uguse tumbo la rola za kubebea, na rola hizo za juu huipeleka katoni kinyume cha mwendo wa mkanda. Mota moja inaendesha laini nzima. Nimependa hilo, kwa sababu kikiharibika kitu najua pa kuanzia kutafuta.

Kabla ya kulipa, pima katoni yako ndogo kuliko zote. Kila katoni lazima ikalie rola zisizopungua tatu wakati wote, la sivyo inainama pua na kunasa. Katoni zetu ndogo zina urefu wa sentimita 25, kwa hiyo tuliagiza rola zilizoachana milimita 75. Muuzaji alikuwa na laini tayari ya milimita 100, nafuu zaidi, akanisihi niichukue. Nilikataa na nimefurahi kila siku. Ukiletewa mashine iliyotumika Marekani, soma pia kibati cha mota: iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikiwekwa kwenye stima yetu ya hezi 50 itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na volti zake huenda zisilingane na 415 za laini yetu ya fezi tatu.

Kufunga ndiko kulikotaka subira. Sakafu ya godauni letu imeinamia mlangoni ili maji yatoke, na mafundi walioletwa na muuzaji walitaka kutoboa sakafu na kukaza miguu siku ileile. Niliwaomba wasimame. Tulivuta uzi katikati ya laini kutoka mwanzo hadi mwisho, tukaweka pimamaji kwenye kila kipande, tukarekebisha miguu mmoja mmoja. Kisha tukapima kila fremu pembe kwa pembe, kwa mshazari. Vipimo viwili visipolingana, fremu imekaa upande, na hakuna mkanda utakaonyooka juu ya fremu iliyokaa upande. Kipande cha tatu kilikuwa na tofauti ya kuonekana kwa macho. Kilinyooshwa kabla ya bolti yoyote kuingia sakafuni.

Mkanda wenyewe uliunganishwa kwa klipu za chuma na pini. Ncha zake zikatwe kwa skwea ya fundi, zinyooke kabisa, kwa maana kiungo kilichokatwa mshazari huyumba kila kinapopita. Halafu ndipo ukaanza mchezo wa kuunyoosha. Kanuni ni hii: mkanda huelekea upande wa rola unaougusa kwanza. Ukiwa unakimbilia kushoto, ncha ya kushoto ya rola ya kurudishia isogezwe kidogo ili mkanda uiguse baadaye. Kidogo maana yake robo ya mzunguko wa nati, kisha mashine iachwe mkanda uzunguke mara kadhaa ndipo uamue tena. Fundi kijana alikuwa akigeuza nati, anaona mkanda haujatii papo hapo, anageuza tena, na dakika chache baadaye mkanda unakimbilia upande wa pili. Mkubwa wake alimnyang'anya spana akamwambia, "Kaa chini kwanza, uangalie." Kila urekebishaji ulifanywa mashine imezimwa.

Kuhusu kukaza: kaza mpaka puli ya mota (gurudumu linalouvuta mkanda) isiteleze laini ikiwa imejaa, kisha acha. Anayekaza zaidi anaua beringi zake mwenyewe. Mkanda mpya hurefuka katika siku za mwanzo, kwa hiyo panga fundi arudi, na uandike hivyo kwenye mkataba. Zile rola ndogo za kubana nazo zianzwe zikiwa chini, ziinuliwe hadi katoni nzito iondoke, basi. Zikibana mno, katoni ya mbele ikizuiwa, za nyuma zinaisukuma mpaka inapondeka, na mota inachoka bure. Na jambo dogo ambalo wengi hulisahau: giriboksi husafirishwa ikiwa imezibwa kizibo kisichopitisha hewa. Siku ya kufunga, kizibo hicho kitolewe na kiwekwe chenye tundu la kupumulia, na kiwango cha oili kikaguliwe. Isipofanywa hivyo, joto linasukuma oili itokee kwenye sili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mashine hii ina hatari isiyoonekana, kwa kuwa mkanda uko chini, mahali mtu asipotazama. Pale mkanda unapokutana na rola, na pale unapoingia kwenye puli, kidole huvutwa kabla mwenyewe hajajua. Laini ililetwa bila wavu wa chini. Muuzaji alisema ni kifaa cha ziada, kinalipiwa peke yake. Nililipa, na ninaona haikuwa haki hata kidogo kuuza mashine ya namna hii ikiwa uchi. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine ziwe na kinga, kwa hiyo mnunuzi ana msingi wa kudai wavu, kava la cheni ya mota na vizuizi vya ncha zote mbili viwe ndani ya bei. Sehemu ya kuingilia na kutokea mwombe akuwekee rola inayochomoka: mkono ukiingia kwenye mwanya, rola inaruka juu badala ya kuubana.

Huku kwetu kuna la ziada la kufikiria. Akina mama wanaobandika lebo huvaa buibui na mtandio, na saa za joto mahamali wengi hujifunga kikoi kiunoni. Nguo yenye ncha inayoning'inia na mashine inayozunguka havikai pamoja. Hatukumwambia mama yeyote avue stara yake, na sioni kwa nini mahali popote pawe na sharti hilo. Tulikaa nao, tukaonyeshana mahali pa hatari mashine ikiwa imezimwa, wakaamua wenyewe kuchomeka ncha za mtandio ndani na kuvaa aproni inayobana mikono. Meza ya lebo tuliisogeza mbali na puli ya mwisho. Wavu ukafunga yaliyobaki. Kikoi kilipigwa marufuku kwa wote walio kwenye laini, nami mwenyewe nikiwemo.

Umeme nao una mtego wake. Stima ikipotea na kurudi, konveya isianze yenyewe. Lazima mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Tulijaribu kwa kuzima swichi kuu laini ikiwa inaenda, kisha kuiwasha. Ikanyamaza, kama inavyotakiwa. Kamba ya dharura imepita kando yote ya laini, na ukiivuta, mashine haiondoki tena mpaka kamba irudishwe mahali pake na kitufe kibonyezwe. Ijaribu kila wiki, kwa sababu kamba iliyolegea haikusaidii chochote siku unapoihitaji.

Kwa matengenezo tuna kufuli. Anayeingiza mkono kwenye mashine anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli lake, anatundika kibandiko chenye jina lake, anaweka ufunguo mfukoni, halafu anabonyeza kitufe cha kuwashia kuhakikisha kwamba kweli imekufa. Mafundi wakiwa wawili, kufuli ni mbili. Fundi wetu wa umeme, mzee aliyetumikia viwanda vya huku miaka mingi, alimwambia msaidizi wangu mbele ya wote: "Mwanangu, ufunguo huu usimpe mtu. Hata mimi nikikuomba." Kijana akajibu, "Nimesikia, mzee," na tangu siku ile sijamwona akiukabidhi. Kumbuka pia kwamba kufuli haliondoi nguvu iliyobaki kwenye mkanda uliokazwa. Ulegeze kwanza ndipo uchomoe pini.

Utunzaji wa kawaida si mzigo. Kila asubuhi mtu anatembea kando ya laini akisikiliza na kutazama chini. Vumbi jeusi lililojikusanya mahali pamoja ni ishara kwamba mkanda unasugua fremu. Rola inayolia beringi yake inakwisha. Rola iliyosimama wakati jirani zake zinazunguka inakula mkanda, kwa hiyo isingoje mwisho wa mwezi. Kuibadilisha ni rahisi: ekseli ina springi, unaisukuma ndani, rola inatoka. Beringi nyingi za rola zimefungwa na grisi yake, hivyo usizimwagie maji ya mpira unapoosha sakafu. Sisi hupangusa kwa kitambaa kikavu, laini ikiwa imefungwa, na ncha za ekseli tunazipaka oili nyepesi. Wakati wa kusi, mvua za Mei zilipokolea, kutu ilianza kwenye bolti za miguu na kwenye beringi za puli ya nyuma, wala haikugusa rola zilizopakwa zinki vizuri. Ukiagiza, omba bolti za chuma kisichoshika kutu tangu mwanzo. Ongezeko la bei ni dogo.

Nisichokipenda: kelele katoni zikiwa nyepesi, na mkanda wa akiba unaochukua muda mrefu kuagizwa. Tumeweka mmoja stoo, pamoja na klipu, pini na rola kadhaa. Kwa ukaguzi wa usalama ambao sheria inataka ufanywe angalau mara moja kila miezi 12, daftari letu la kufuli na la matengenezo lilimridhisha mkaguzi haraka, kwa sababu kila kazi ilikuwa na tarehe na jina.

Jirani zangu wa Shimanzi wenye maghala ya chai wameniuliza kama iwafae. Kwa katoni na kreti zenye tako gumu, ndiyo. Kwa magunia ya karatasi ya chai, hapana. Gunia huzama kati ya rola, linakwama, na linaweza kupasuka. Hapo nunueni konveya ya mkanda mpana unaobeba mzigo juu yake, au yawekeni magunia juu ya paleti (jukwaa la kupangia mizigo) na mtafute konveya iliyojengwa kwa uzito huo.