Kupiga kura za Bunge la Minnesota: kituoni raha, kwenye bahasha kuwa makini

Bunge la Minnesota, jimbo la Marekani, lina viti 201: maseneta 67 na wawakilishi 134. Kila wilaya ya Seneti imekatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande kina mwakilishi wake. Kwa mfano 38A, iliyomchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, mwaka 2024, ni nusu ya wilaya ya 38. Usiikisie wilaya yako kwa namba ya posta, maana namba moja huweza kuangukia wilaya mbili. Ingiza anwani kamili kwenye mnvotes.gov, upate kituo chako na majina ya wagombea.

Huduma ya kituoni ndiyo bora kuliko zote. Aliyehama nyumba juzi hafungiwi mlango: anajiandikisha siku hiyohiyo ya kura, ilimradi ni raia aliyetimiza miaka 18 na ameishi jimboni siku 20. Leseni ya udereva yenye anwani ya sasa inatosha. Kama anwani ni ya zamani, ongeza bili yenye jina lako na anwani mpya. Huna hata bili? Mpiga kura aliyeandikishwa mtaa huohuo wa kupigia kura anaweza kukuapia kwamba unaishi hapo, na anaruhusiwa kuwaapia watu 8. Ila uliyeapiwa huwezi kumwapia mwingine. Familia nyingi hukwama hapo. Asiyesoma Kiingereza vizuri aje na mtu wa kumsaidia, asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Vituo hufungwa saa 2 usiku, lakini aliyekwisha kupanga foleni atapiga kura.

Kwenye kura ya posta ndiko watu wanakoumia. Inaanza siku 46 kabla ya uchaguzi, na makosa ni yaleyale: sahihi imesahaulika, shahidi hajatia yake, au namba iliyo kwenye bahasha si ile ya fomu ya maombi. Ukiomba kwa namba ya leseni, usiandike kwenye bahasha tarakimu 4 za mwisho za Social Security (namba ya hifadhi ya jamii). Bahasha lazima iwe imefika kabla ya vituo kufungwa. Muhuri wa posta wa siku hiyo haukuokoi. Itume mapema ili ikikataliwa wakutumie nyingine, kisha ifuatilie mtandaoni mpaka uone imepokelewa.

Na mchujo wa Agosti, wa kuteua wagombea wa vyama, una mtego wake: ukichagua wagombea wa vyama viwili, sehemu yote ya vyama inaharibika.

Doa kubwa la huduma hii lilionekana wilaya ya 54A, mjini Shakopee, mwaka 2024. Mshindi alitangulia kwa kura 14, huku kura 20 za mapema zikiwa zimepotea bila kuhesabiwa. Jaji aliyaacha matokeo yasimame, lakini kura za watu wale 20 zilikuwa zimeshapokelewa. Kwa hilo siwezi kuipa huduma ya kura za mapema alama zote. Ya kituoni naipa.