Raynox DCR-250: Lenzi Ndogo ya Kupachika kwa Mpenzi wa Wadudu na Ndege

Anayetaka kupiga picha za wadudu, buibui na ndege wanaozunguka nyumba yake hukabiliwa mapema na suala la fedha, kwa kuwa ndege huhitaji lenzi ndefu ilhali wadudu huhitaji lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, na si wengi wanaomudu kununua zote mbili kwa mkupuo mmoja. Raynox DCR-250, inayotoka Japani, ni jibu ambalo kwa maoni yangu linawatosha wengi: ni lenzi ndogo yenye nguvu ya dayopta 8 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), inayobanwa kwa klipu mbele ya zumu, yaani lenzi ya kuvuta, ambayo mtu anayo tayari.

Hesabu yake ni nyepesi. Zumu ya milimita 70 hadi 300 ikivutwa hadi mwisho, huku fokasi ikiwa imewekwa kwa ajili ya vitu vya mbali kabisa, mdudu huonekana kwenye sensa, yaani kipokea mwanga cha kamera, kwa ukubwa unaozidi mara mbili umbo lake halisi. Kwenye milimita 100 ukubwa huo hushuka hadi kama asilimia 80 ya umbo halisi. Umbali kati ya lenzi na mdudu haubadiliki, hubaki takriban sentimita 12, kwa hiyo mpiga picha anaweza kuanza na kipepeo mzima kisha akavuta zumu mpaka kichwa chake kitawale fremu, bila kusogea hata hatua moja.

Kwa kuwa ndani yake mna vioo vitatu, rangi hazichuji pembezoni mwa umbo kama ilivyo kwa vioo vya kukuzia vya bei ya chini. Buibui mrukaji ndiye kipimo kizuri: yale macho mawili makubwa ya mbele hutoka meusi na makali, vinywele vinavyoyazunguka huhesabika kimoja kimoja, na hata umbo la taa yako huonekana juu ya jicho.

Ugumu uko kwenye matumizi, na mnunuzi aujue mapema. Sehemu inayoonekana kwa ukali ni nyembamba mno, hata ukiliminya tundu la lenzi hadi f/11, na kwa tundu dogo kiasi hicho flashi huwa ni lazima, ikiwa imefunikwa kwa kitu cheupe cha kutawanya mwanga, la sivyo mgongo wa mende utang'aa kwa doa jeupe lisilofutika. Fokasi ya kujiendesha haisaidii sana. Afadhali kuizima, kisha kusogeza mwili mbele na nyuma taratibu hadi jicho la mdudu likae sawa. Alfajiri, kabla jua halijawapasha joto, wadudu huwa wazito wa kuruka. Buibui aliyetulia katikati ya utando ni mvumilivu zaidi, ilimradi lenzi isiguse uzi hata mmoja.

Shomoro akitua ukutani, unabana vishikizo viwili vya pembeni, klipu inachomoka, na zumu inarudia kazi yake ya kawaida. Hapo kilichobaki ni kupandisha kasi ya shata hadi 1/1000 ya sekunde au zaidi.

Simshauri kuinunua mwenye zumu ya milimita 18 hadi 55 pekee, kwani hata kwenye milimita 55 mdudu hafikii nusu ya ukubwa wake, na zumu ikirudishwa nyuma pembe za picha huwa nyeusi. Klipu hukubali lenzi zenye kipenyo cha hesi cha milimita 52 hadi 67. Nje ya hapo itafutwe pete ya kuunganishia, kwa kuwa lenzi yenyewe ina hesi ya milimita 43, na mfungo wa pete ni imara kuliko klipu kwa asiyepiga ndege kabisa. Kwa kereng'ende, ambao mara nyingi hawakubali kusogelewa kwa sentimita 12, ningechagua ndugu yake, DCR-150 ya dayopta 4.8, inayoacha nafasi ya takriban sentimita 20.