Uzoefu Wangu na Kinanda cha Nyumbani kwa Nyimbo za Krismasi

Anayetaka kununua kinanda cha umeme cha bei ya kadiri, chenye vibonyezo 61, ili apige nyumbani nyimbo za Krismasi za asili, namshauri ajue kwanza kitufe cha kuzimia biti, yaani mdundo wa ngoma unaojipiga wenyewe, kiko wapi. Changu nilikinunua dukani Mombasa nikakileta Malindi, na tangu hapo kimekuwa kikitufanyia mazoezi ya sauti nne sebuleni kila Desemba inapokaribia. Ninakipenda, lakini si kwa zile sifa zilizochapishwa juu ya boksi.

Boksi lilijisifu kwa mamia ya sauti na mitindo ya midundo, na ndani ya kinanda zimo hata nyimbo za Krismasi zinazojipiga zenyewe. Hizo zinafaa kumfurahisha mtoto kwa jioni moja tu. Kasoro ya biti ni kwamba haisubiri mtu. Waimbaji wanapofika mwisho wa mstari hushikilia noti, huvuta pumzi, ndipo waanze mstari unaofuata. Ngoma ya mashine hainayo habari, inaendelea mbele, na kwaya inabaki ikiikimbiza kama abiria aliyeachwa na matatu. Kwa hiyo mimi huzima kila kitu, nikachagua sauti moja na kupiga kwa mikono miwili.

Sauti ipi? Wengi hukimbilia kinanda cha kanisani, nami sina ugomvi na hilo kwa nyimbo za shangwe kama Adeste Fideles, ambazo zinataka noti nzito zisizofifia. Kwa Usiku Mtakatifu nimeona gitaa la nyuzi za nailoni ndilo zuri kuliko zote. Wimbo huo, wenye maneno ya padri Joseph Mohr na muziki wa Franz Xaver Gruber, ulipigwa kwa mara ya kwanza kwa gitaa, katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818 huko Oberndorf, Austria. Kodi zake za msingi (kodi ni kundi la noti zinazoendana) ni tatu tu, nazo zikipigwa noti moja baada ya nyingine kwa mkono wa kushoto, taratibu, hata mpigaji wa kawaida husikika kama aliyefundishwa.

Kitufe kilichorudisha pesa zangu ni cha kupandisha na kushusha ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima. Karatasi zetu za kwaya zimeandikwa kwa solfa, yaani kwa herufi za Do, Re, Mi, na mimi nimezoea Do ikae kwenye C. Usiku Mtakatifu unaanza s, l, s, m (sol, la, sol, mi), na kutoka noti yake ya chini kabisa hadi ya juu kabisa ni noti kumi na moja za ngazi, ukizihesabu na hizo mbili, kiasi kwamba ukianzia juu akina mama watapiga kelele, na ukianzia chini mno maneno ya mwisho yatazama kooni. Ninashusha nusu sauti mbili, kinanda kinatoa B bapa (B iliyoshushwa nusu sauti) ilhali vidole vyangu vinacheza C ileile, na mazoezi yanaendelea bila mtu kuandika upya karatasi. Kwa mwalimu wa kwaya wa solfa, hilo pekee linatosha kumshawishi.

Udhaifu mkubwa nimeukuta kwenye idadi ya noti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja, ambazo kwenye chombo changu ni 32. Unaweza kudhani ni nyingi, lakini ukiunganisha sauti mbili, tuseme piano na fidla, kila kibonyezo hutumia noti mbili. Sauti nne za kwaya zinakuwa nane, na ukikanyaga pedali, ile ya mguu inayofanya noti ziendelee kulia, bila kuiachia, kodi ya tano inaanza kuzikata za mwanzo. Masikio huisikia besi ikitoweka ghafla. Dawa yake ni kutumia sauti moja, au kuinua mguu kila kodi inapobadilika. Pedali yenyewe haimo ndani ya boksi. Nililazimika kuinunua kando, jambo lililonikera.

Malindi ina Waitaliano wengi, na wageni wetu wa Desemba huomba Tu scendi dalle stelle, wimbo unaohesabiwa kuwa wa Mtakatifu Alfonso wa Liguori, wa karne ya 18. Huo unafuata mwendo wa zumari za wachungaji wa Italia, kwa hiyo ninachagua sauti ya obo, ala ya kupuliza inayofanana na zumari, ninashikilia Do na Sol kwa mkono wa kushoto muda wote, na mkono wa kulia unaimba. Hapa hata spika ndogo za kinanda hazilalamikiwi. Kanisani ni habari nyingine: watu wakianza kuimba kwa nguvu hazisikiki kabisa, ni lazima kuunganisha na amplifaya.

Kuhusu utunzaji, upepo wa Kaskazi huleta chumvi hadi ndani ya nyumba, na matundu ya waya huanza kushika kutu yasipofunikwa. Ninakifunika kwa leso, ninakiweka mbali na dirisha, na ninachomoa adapta kila nimalizapo, maana umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Kinatumia pia betri sita ndogo. Mkesha wa Krismasi nazitia mpya kabla ya jua kutua, na betri zilizotumika kwenye mazoezi siziweki humo usiku huo hata zikionekana bado zina nguvu.